Masika ya Mjukuu Wetu

Jumatatu, 2 Machi

Mvua ya kwanza. Imenyesha tangu alfajiri, na paa la maabara limevuja palepale linapovuja kila mwaka, juu ya meza ya hadubini. Tumesogeza meza, tumeweka ndoo. Profesa amesema ataandika kuomba mafundi. Kila masika husema hivyo.

Msimu huu tunakamilisha utafiti wetu wa familia zenye ugonjwa wa misuli wa kurithi. Ripoti itataja viganja, vizazi na damu. Nimeamua kuwa na shajara kwa ajili ya yale ambayo ripoti haina pa kuyaweka.

Alhamisi, 5 Machi

Leo amekuja fundi cherehani, mama mtu mzima, pamoja na watoto wake wawili. Nilipomsalimu kwa mkono, kiganja chake kilikaza juu ya changu, hakikuachia. Tukasimama hivyo, tunaangaliana. Akacheka, akasema wateja wapya hudhani amewapenda kupita kiasi.

Ndivyo ugonjwa huu ulivyo. Msuli unakaza, halafu unasahau kulegea, na miaka ikisonga unaanza kuisha. Ndani ya jeni moja kuna herufi tatu zinazojirudia, kama mtu mwenye kigugumizi aliyekwama kwenye neno. Sote tunazo, zikijirudia kidogo tu. Kwa familia hizi zimezidi, na kila kizazi kigugumizi huongezeka. Babu anapata mtoto wa jicho mapema na hakuna anayejali. Baba anashindwa kufungua viganja asubuhi. Mjukuu ndiye anayelipia wote.

Familia yetu ni mojawapo. Baba yetu alikuwa nao, na aliondoka bila kujua unaitwaje.

Jumapili, 8 Machi

Chakula cha mchana kwa Mama, kama kila Jumapili.

Kaka alifika amelowa, kofia mkononi. Ni kinyozi, na mtaani wanamwita Kufuli kwa sababu akikushika mkono hakuachii mara moja. Yeye mwenyewe ndiye aliyelieneza jina hilo, watu wacheke kabla hawajauliza. Siku hizi kope zake zinalegea na mashavu yamebonyea. Alisinzia mezani kijiko kikiwa mkononi, na Mama akamfunika mabega. Nimemwambia miaka nenda miaka rudi aje apime. Hunijibu kwamba ugonjwa usio na jina hauna nguvu.

Binti yake alikuja na mumewe. Tunamwita Chiriku kwa sababu tangu ameanza kusema hajawahi kunyamaza. Mama yake alifariki angali mdogo, akalelewa kati ya nyumba ya Mama na chumba changu. Sasa ana mimba ya kwanza, tumbo limekuwa kubwa, na maneno yamezidi. Mumewe ni fundi wa matairi. Humu ndani namwita Gogo, kwa sababu ukimweka mahali unamkuta palepale, na sauti yake sijui ikoje. Sijawahi kuelewa mtoto yule aliona nini kwa mtu huyu.

Baada ya chakula Chiriku alitumiminia chai. Alipokwisha akaiweka chupa mezani, lakini vidole havikuachia mpini. Aliendelea kuongea, akicheka, huku mkono wa pili ukivibandua kimoja kimoja. Kisha akaufunika mkono kwa mtandio.

Nilimtazama Kaka. Alikuwa macho wakati huo, na alikuwa ameona. Akageukia dirishani, akasema mvua hii haina dalili ya kukata.

Jumatatu, 9 Machi

Usingizi haukuja. Kazini nimeharibu sampuli moja.

Jumatano, 11 Machi

Nimemweleza Profesa. Ni mtu mkavu, husikiliza huku akifuta miwani, na mimi huwa naona anafuta ili asikutazame. Nilimwambia nahofia mtoto wa kaka yangu anao, na ni mjamzito. Hakuna haja ya kumfafanulia zaidi mtu kama yeye. Ugonjwa huu ukitoka kwa mama, kuna watoto wanaozaliwa nao umeshakomaa, hawana nguvu hata ya kuvuta pumzi.

Alisema siwezi kuwa shangazi na mtafiti kwenye kiti kimoja. Nisimpime, nisimshauri, nisimsukume. Akitaka kujua, yupo muuguzi mshauri chumba cha pili, na yeye Profesa atampokea kama mtu mwingine yeyote. Asipotaka, ni haki yake.

Nilitoka pale nimemchukia. Haki gani hiyo ya kuingia shimoni umefumba macho?

Jumamosi, 14 Machi

Nimekwenda kinyozini kwa Kaka wakati wa mvua, nikijua hapatakuwa na wateja. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja mbele ya kioo. Siku hizi anahitaji kupumzisha mikono baada ya kila kichwa.

Nilianza kwa mbali, akanikata. Alisema anajua nilichokuja nacho, amekiona usoni mwangu tangu Jumapili. Akasema mtoto yule ameolewa, ana furaha, ana mimba, na hakuna atakachofaidi kwa kuambiwa damu yake ina kasoro. Nikamwambia mtoto atakayezaliwa anaweza kuhitaji msaada mkubwa siku hiyohiyo. Akapangusa mashine ambayo ilikuwa safi.

"Umesoma, mdogo wangu, na mimi najivunia," alisema. "Lakini binti yangu si familia ya kwenye utafiti wako. Usimguse."

Nikaondoka bila mwavuli. Niliukumbuka nikiwa nimeshalowa.

Jumanne, 17 Machi

Mvua. Ndoo imejaa mara mbili.

Jumapili, 22 Machi

Chakula kwa Mama. Kaka hakuja, na kila mtu alijua sababu isipokuwa Chiriku, au ndivyo nilivyodhani. Nilipokuwa naosha vyombo Mama alinifuata. Alisema nimemkosea kaka yangu. Mtu hapewi habari ya msiba kabla ya msiba, huko ni kumfanya afiwe mara mbili. Nilimjibu kwa ukali ambao sikuukusudia, kwamba kunyamaza kwake ndiko kulikomfikisha Baba kaburini bila kutibiwa moyo. Alichukua sahani mkononi mwangu, akaiosha upya.

Mama yangu hajui chochote kuhusu jeni, na hataki kujua. Hilo nililiandika moyoni nikirudi nyumbani, na naliandika hapa nikiwa bado na hasira.

Jumatano, 25 Machi

Chiriku amekuja maabara, peke yake. Sikumwita. Alisimama mlangoni akikung'uta mwavuli, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuanza yeye kuongea. Nikamkalisha, nikafunga mlango.

"Shangazi, ile siku ya chupa ya chai uliona," alisema.

Nikasema niliona.

"Na baba aliona. Tangu siku hiyo haji Jumapili. Sasa niambie."

Nilimwambia chumba cha pili yupo muuguzi ambaye kazi yake ni hiyo. Akasema hakuja kwa muuguzi, amekuja kwa shangazi yake. Basi nikamweleza. Nilimweleza kigugumizi cha zile herufi, na kwamba kila mtoto wa mwenye ugonjwa yuko nusu kwa nusu, kama shilingi inayorushwa hewani. Nilimweleza kuhusu watoto wanaozaliwa wamelegea. Niliongea polepole nikitazama mikono yake, iliyokuwa imelala juu ya tumbo.

Aliuliza kama kuna dawa ya kuzuia. Nikasema hakuna. Aliuliza akijua leo kitabadilika nini. Nikasema angejifungulia hospitali kubwa, yenye mashine ya kupumulia na daktari wa watoto akisubiri.

"Basi nitajifungulia huko. Hilo nakubali," alisema. "Kupima sitaki. Niachie miezi hii iliyobaki niwe mama kama wengine."

Nikamwambia sawa. Neno hilo moja lilinichukua muda kulitoa.

Alisimama, akakaa tena. "Wewe umepima?"

"Nimepima. Sina."

Alinitazama bila chuki hata kidogo, na afadhali angechukia. "Ndiyo maana unaweza kulitamka," alisema.

Kabla hajatoka nilimwuliza kama atamwambia mumewe. Alisema atamwambia jioni ileile. Nilimsindikiza hadi ngazini nikiwaza kwamba Gogo atakusanya vitu vyake kimyakimya, kama anavyofanya mambo yote. Wanaume wa namna ile hawagombi, huondoka tu.

Ijumaa, 27 Machi

Hajaondoka. Labda hajaelewa.

Alhamisi, 2 Aprili

Kwenye picha ya tumbo la Chiriku, maji yamezidi na mtoto anajigeuza kidogo sana. Mpiga picha alikwenda kumwita daktari. Chiriku alinieleza kwa simu, akijaribu kuchangamka. Alisema tangu zamani alijua mtoto ni mtulivu, akadhani amemfuata baba yake, hana maneno.

Nami nilicheka naye. Nilipokata simu nilikwenda kusimama chooni hadi nilipoweza kurudi mezani.

Jumatatu, 6 Aprili

Mvua.

Jumanne, 7 Aprili

Mvua. Fundi cherehani ameleta damu ya mtoto wa tatu. Ameniuliza mbona nimekonda.

Jumanne, 14 Aprili

Amezaliwa leo asubuhi, kabla ya siku zake. Mtoto wa kike.

Nilipigiwa simu nikiwa kazini, nikakimbia uani kwenye mvua hadi jengo la wazazi la hospitali yetu. Mama alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi na mfuko wa nguo za mtoto magotini. Gogo alikuwa amesimama ukutani. Hatukusikia kilio. Tulisubiri kilio kama watu wanaosubiri mlango ufunguliwe, na hakikuja. Alitoka muuguzi akitembea haraka, akapita bila kututazama.

Baadaye daktari wa watoto, mwanamke mwenye sauti ya chini, alitukusanya pembeni. Alisema mtoto yuko hai. Hakupumua mwenyewe, wamemwekea mpira kooni na mashine inampumulia. Amelegea mwili mzima, hawezi kunyonya wala kumeza. Alisema wamemtoa damu ya vipimo, kisha akanitazama mimi, kwa sababu ananifahamu kikazi. Nikainamisha kichwa. Wote wakaona nilivyoinamisha.

Walituruhusu kuingia wawili wawili. Niliingia na Mama. Mtoto alikuwa amelala chali kama chura, miguu imeanguka pembeni, nyayo zimegeukia ndani. Ukiinua mkono wake unaanguka kama kitambaa kilicholowa. Uso haukuwa na mkunjo wowote. Mdomo wa juu ulikuwa umenyanyuka katikati kama paa la kibanda, na mdomo huo nimeuona kwenye picha za vitabu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nimewahi kuufundisha darasani.

Mama alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayempokea mtu mlangoni, "Karibu mgeni wetu. Umechoka na safari, pumzika." Akamtengenezea blanketi.

Kaka alikuja adhuhuri. Alikuwa amefunga saluni yake na kutembea, sijui kwa nini hakupanda gari. Hakuingia ndani. Alisimama kwenye kioo cha ukumbini, nami nikasimama kando yake. Aligusa mdomo wake mwenyewe, kisha akaweka kidole kwenye kioo, usawa wa mdomo wa mtoto.

"Ni mimi?" aliuliza.

Nilimwambia ni damu ya Baba, na ya aliyemzaa Baba, na nyuma ya hapo hatujui.

"Nimekuuliza mimi."

"Imepitia kwako," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Aliniomba nimwache peke yake pale, nikamwacha.

Alhamisi, 16 Aprili

Kaka amekuja maabara amevaa shati lake la kupigia picha. Akamwambia Profesa, "Nimekuja kupimwa, na huyu mdogo wangu atoke nje." Nikatoka.

Damu itachukua siku, lakini walimpima na moyo palepale. Umeme wa moyo wake unachelewa kupita, ungeweza kuzima wakati wowote. Anatakiwa kuwekewa betri kifuani. Alinieleza mwenyewe kwenye ngazi, akisema mashine zake zote kinyozini ni za betri, sasa na mwenyewe anaingia kundini. Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Jumamosi, 18 Aprili

Mashine inampumulia. Mvua.

Jumatatu, 20 Aprili

Mashine inampumulia. Wamejaribu kuipunguza, akabadilika rangi. Wameirudisha.

Jumatano, 22 Aprili

Leo lazima niandike jambo, hata kama mkono umechoka.

Nilipita wodini saa ya mapumziko. Chiriku alikuwa amelala kwenye chumba cha wazazi, na tangu ajifungue hazungumzi, anajibu tu. Nilipokaribia kitanda cha mtoto nilisikia sauti ya mwanamume nisiyoijua, nzito, inayokwenda taratibu. Alikuwa mume wake. Ameketi kwenye kiti kifupi, mikono ameisugua hadi vidole vimechubuka, lakini weusi wa matairi bado uko kwenye mistari ya viganja. Alikuwa akimweleza mtoto namna ya kuziba pancha.

Alimweleza yote. Kwamba kwanza unalitia tairi kwenye beseni la maji, unatafuta povu linapotokea. Kwamba usiharakishe kubandika kiraka kabla ya gundi kukauka. Kwamba kuna wateja wanaosema tairi limechomwa na adui, kumbe wamepita wenyewe kwenye misumari. Alimtajia jina la kila barabara mbaya. Alipoona mate yamejaa mdomoni mwa mtoto, alichukua kimpira cha kufyonzea mate, akayavuta kama alivyofundishwa na wauguzi, kwa wepesi wa mtu aliyezaliwa na kazi hiyo. Kisha akaendelea alipoishia.

Aliponiona aliinuka kunipisha. Nikamwambia akae. Nilimwuliza, kwa kukosa la kusema, kama mkewe alimweleza mapema juu ya ugonjwa huu. Alisema alimweleza siku ileile aliyotoka kwangu. Siku iliyofuata alikwenda hospitali kuulizia mashine za watoto ziko ngapi na kama huwa zinajaa. Alikuwa akirudi kila wiki kuuliza.

Sitamwita tena jina lile.

Jumapili, 26 Aprili

Hakuna aliyepika kwa Mama leo. Tumekula mkate wodini, tumesimama.

Jumanne, 28 Aprili

Majibu ya Kaka yametoka. Anao. Profesa alimpa mwenyewe, mlango umefungwa. Kaka alipotoka alinishika bega, akasema, "Sasa ugonjwa una jina. Niletee, nilizoee." Nikamtamkia. Alilirudia vibaya, nikalirudia, akalipata.

Anawekewa betri wiki ijayo.

Ijumaa, 1 Mei

Mapafu ya mtoto yamepata maji na homa. Mashine inampumulia, lakini sasa inafanya kazi zaidi.

Jumatatu, 4 Mei

Mvua imepungua mchana, ikarudi.

Alhamisi, 7 Mei

Daktari wa watoto alituita sote. Alisema dawa hazishiki. Wanaweza kuongeza nguvu ya mashine, wakaongeza na mipira, lakini mapafu hayatarudi, na wanadhani mtoto ameanza kuumia. Au wanaweza kuacha kuongeza, wakamwondolea maumivu na kumpa mama yake amshike. Alisema hatudaiwi jibu leo.

Macho yaligeukia kwangu. Mimi ndiye niliyesoma. Lakini maarifa yangu yote yanaishia pale ugonjwa unapopata jina.

Aliyeongea ni Mama. Alimwambia Chiriku kwamba alipokuwa anamuuguza babu yake, mwishoni alikuwa akimlazimisha kula, na babu akimeza kumridhisha yeye, huku akikabwa. "Nilimlisha kwa ajili ya moyo wangu, si kwa ajili ya tumbo lake," alisema. "Nikajua baadaye. Wewe mtazame mtoto, usijitazame wewe. Utakaloamua baada ya hapo ndilo, na hakuna wa kukunyooshea kidole humu ndani."

Na mimi niliyedhani mama yangu hajui chochote.

Ijumaa, 8 Mei

Wameamua. Chiriku alisema sentensi yake ya kwanza ndefu baada ya wiki nyingi: anataka kumshika mwanawe bila mipira usoni, amwone uso mzima, walau mara moja.

Jumamosi, 9 Mei

Ilikuwa mchana. Walituachia chumba chenye dirisha. Daktari alitoa mpira taratibu, akampangusa mtoto mashavu mahali plasta ilipoacha alama, akamweka kifuani kwa mama yake.

Chiriku alimtazama uso. Alimwambia kila alichokiona: nyusi za baba yako hizi, sikio hili la bibi mkubwa, na mdomo huu wa babu yako Kufuli, mdomo mzuri kabisa. Kaka alikuwa amepiga magoti upande wa pili, plasta ya betri ikichungulia chini ya kola yake. Aliposikia hivyo aliweka paji la uso kwenye kitanda.

Mume wa Chiriku aliongea. Alizungumza muda wote, kwa ile sauti ya taratibu, kuhusu barabara na milima na gari moja bovu lililofika mbali. Pumzi zilikuwa ndogo, zikawa chache, kisha tukawa tunasubiri inayofuata. Yeye hakunyamaza hata daktari alipoinama na kusikiliza. Alimalizia hadithi hadi lile gari lilipofika.

Jumapili, 10 Mei

Tumemzika. Mvua ilinyesha tukiwa tunatoka na tukiwa tunarudi. Profesa alikuwepo, amesimama nyuma ya watu wote, miwani imelowa na hakuifuta.

Jumatano, 13 Mei

Nimerudi kazini. Nimekaa.

Jumatano, 20 Mei

Kaka amefungua saluni. Ananyoa vichwa vichache kwa siku. Wateja wakimshika mkono na ukakwama, sasa anawaambia ugonjwa kwa jina lake lote. Jana mmoja alimwambia hata shemeji yake yuko hivyo. Kaka amemwelekeza aje kwangu.

Jumatatu, 25 Mei

Chiriku amenipigia. Aliuliza damu ile aliyotolewa mtoto siku ya kwanza iko wapi.

Nikasema sijui, na ni kweli sikujua. Nilimfuata Profesa. Alifungua droo, akaifunga, kama mtu anayetafuta pa kuweka mikono. Akasema sehemu iliyobaki ilikuja maabara, aliiweka kwenye friza yeye mwenyewe, na hajaruhusu mtu aiguse kwa sababu wazazi hawajaulizwa. Ni sampuli ambayo utafiti wetu umeikosa tangu mwanzo: vizazi vitatu, na wa tatu amezaliwa nao ugonjwa. Yeyote angeitaka.

Nilimwuliza mbona hakuwauliza wazazi. "Sikuweza," alisema. "Nilikuwa na mtoto wangu, zamani, kabla hujaja hapa. Waliniuliza siku ya mazishi."

Nimefanya kazi na mtu huyu miaka yote hiyo.

Ijumaa, 29 Mei

Wazazi wamekubali itumike. Aliyewaeleza ni muuguzi mshauri wa chumba cha pili, mimi sikuwepo. Chiriku ameongeza sharti lake moja: kabla hatujaanza, aje aone mahali ilipo.

Jumatano, 3 Juni

Leo jua limewaka tangu asubuhi. Wamekuja wote wawili. Chiriku amevaa koti zito ingawa nje kuna joto, na alipanda ngazi akishika ukuta. Nimeona, na safari hii yeye mwenyewe akasema kwamba wiki ijayo atakuja kupimwa moyo. Akaniambia nisifanye uso ule.

Niliwapeleka chumba cha nyuma, kwenye friza kubwa. Nikawaonyesha rafu, kisanduku, na kichupa chenyewe, kidogo kama kifundo cha kidole. Hakina jina, kina namba tu. Mumewe aliisoma namba ile polepole, midomo ikitembea, kama anayeihifadhi. Kisha nikakirudisha, nikafunga mlango.

Chiriku aliweka kiganja kwenye mlango wa friza.

"Humu kuna baridi?"

"Baridi kali," nikasema. "Kuliko barafu."

Alifikiri. "Basi msimtoe-toe ovyo," alisema.

Nilimwambia tutamtoa mara moja tu, tuchukue kinachohitajika, tumrudishe. Nikamwambia nitasimama hapa mwenyewe. Akaitikia, akaondoa mkono, akaanza kuniuliza mambo mengine kwa mfululizo: nani anasafisha chumba hiki, mbona pazia limefifia, na chai tunanywea wapi. Aliuliza bila kungoja majibu, na mumewe akawa anamtazama kama mtu anayeota moto.

Niliwafuata hadi mlangoni. Walishuka ngazi taratibu, yeye mbele hatua moja, amemnyooshea mkewe mkono nyuma bila kugeuka. Chiriku alikuwa bado anaongea walipofika chini, na walipotokea uani nikaendelea kuisikia sauti yake hadi kwenye geti.